Silabi Moja Isipotee Njiani

Katika lugha yetu, umbali kati ya "umeze" na "usimeze" ni silabi moja. Daktari na mgonjwa wakiwa ana kwa ana, silabi hiyo haina pa kupotelea. Wakiwa kwenye mazungumzo ya video, inaweza kupotea bila yeyote kati yao kutambua. Ndiyo maana nashikilia kwamba upotevu wa pakiti katika tiba mtandao ni suala la usalama wa mgonjwa, na halipaswi kuachiwa fundi wa kompyuta peke yake.

Sauti na picha husafiri kwenye intaneti zikiwa zimegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kwa kawaida pakiti moja ya sauti hubeba milisekunde 20 za mazungumzo, hivyo silabi moja huenea katika pakiti nane hivi. Kwa bahati mbaya, pakiti mara nyingi hupotea kwa makundi. Adhuhuri ya Kariakoo, umati ukiwa umefurika Mtaa wa Kongo na Msimbazi, kila mtu na simu yake, minara huelemewa. Na mgonjwa akiingia ndani ya kuta nene za jengo la ghorofa, mawimbi hudhoofika. Pengo fupi likitokea, programu huliziba kwa kurefusha sauti iliyotangulia. Msikilizaji anaweza asilitambue pengo hilo kabisa. Akasikia sentensi iliyokamilika, yenye maana nyingine.

Wapo wasemao kwamba dawa yake ni kununua intaneti yenye kasi zaidi. Kasi husaidia, lakini haitoshi. Hospitali inaweza kuwa na laini nzuri kabisa, ilhali mgonjwa yuko sokoni na simu ya mkononi. Wala hitilafu si za mtaani tu: Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na Afrika Kusini, huduma ya intaneti ilizorota Tanzania na katika nchi jirani. Mtandao usiopoteza chochote haupo. Lililopo ni kujikinga.

Kinga ya kwanza ni kuomba pakiti iliyopotea itumwe tena. Hii hufaa njia inapokuwa fupi. Kutoka Kariakoo hadi Upanga si mbali, lakini seva ya programu ikiwa Ulaya, sauti husafiri hadi huko na kurudi. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) hupendekeza sauti ifike ndani ya milisekunde 150 ili mazungumzo yaende vizuri. Pakiti inayofika baada ya zamu yake kupita haina kazi tena.

Kinga ya pili ni kutuma akiba mapema. Tuseme pakiti tatu zimebeba 7, 4 na 9, na ya nne imebeba jumla yake, 20. Ikipotea yenye 4, mpokeaji hutoa 7 na 9 katika 20 na kuipata. Zikipotea mbili kwa pamoja, hesabu hiyo hushindwa. Kwa sauti, basi, ni heri kutuma nakala kamili inayofuata nyuma kidogo, isije ikatumbukia katika pengo lilelile.

Je, gharama? Swali hili ni la haki, kwa kuwa bando hulipiwa na mgonjwa. Sauti safi ya mazungumzo huhitaji takriban kilobiti 30 kwa sekunde. Picha nzuri huhitaji 1,000 au zaidi. Kutuma sauti mara mbili hakuongezi hata asilimia 5 ya matumizi.

Kwa hiyo hospitali inaponunua mfumo wa tiba mtandao, iulize kabla ya kutia saini: Je, sauti hupewa kipaumbele kuliko picha njia inapobana? Je, hutumwa pamoja na akiba? Seva iko wapi? Je, daktari huonyeshwa onyo pakiti zinapopotea, au hufichwa?

Hata hivyo, hakuna akiba inayoziba kila pengo. Kwa hiyo sisi wahudumu tusitundike katazo kwenye silabi moja. Badala ya "usimeze", tuseme "acha kabisa kumeza dawa hii". Kipimo cha dawa tukitaje, kisha tumwombe mgonjwa akirudie, na mwishowe tumtumie kwa ujumbe wa maandishi. Nawe mgonjwa, picha ikianza kukwama, izime ili sauti ipate nafasi, na usione haya kusema, "Daktari, naomba urudie." Kurudia huchukua nusu dakika. Kosa la dawa huweza kuchukua uhai.