Bei ya Kununua Kidogo Kidogo

Saa kumi na mbili jioni, daladala zinaposhusha watu Nyakato National, hapa Mwanza, genge lililo hatua chache kutoka barabara ya Musoma linakuwa halina pa kukanyaga. Vibarua wanatoka viwandani, kina mama wanarudi kutoka mjini, kila mmoja ameshika noti yake. Juma lililopita nilisimama nyuma ya dada mmoja mwenye mtoto mgongoni. Alinunua mafuta ya mia tano, fungu la nyanya, vitunguu viwili, fungu la dagaa, unga kilo moja na kopo moja la mkaa. Alipohesabu chenji akaona haitoshi. "Mama, niwekee na kiberiti, kesho nitakuletea mia." Mwenye genge akamwekea bila kuandika popote.

Dada huyu amesikia mara nyingi kwamba anapoteza hela. Redioni, kwenye semina za ujasiriamali, kwenye vikao vya shule, ushauri ni uleule: nunueni vitu vya jumla, acheni kununua vya kupima, mtaona nafuu. Nimekuwa nikiurudia ushauri huo mwenyewe. Sasa nadhani tunaoutoa tunasema kweli kuhusu hesabu na tunakosea kuhusu huyo tunayemshauri.

Tuanze na hesabu. Tuseme lita ya mafuta ya alizeti ni shilingi 6,000, na kipimo cha shilingi 500 kinatoa mililita 70. Vipimo kumi na vinne havijajaza lita, na tayari umeshalipa 7,000. Familia inayotumia kipimo kimoja kila siku inalipa 15,000 kwa siku thelathini, kwa mafuta ambayo kwa bei ya lita yangegharimu 12,600. Ni shilingi 2,400 kwa mwezi, kwenye mafuta peke yake. Chukua karatasi ufanye hesabu hiyohiyo ya sukari, unga, mkaa na sabuni kwa bei za gengeni kwako, ujumlishe.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1963 msomi wa Marekani David Caplovitz alitoa kitabu kuhusu familia za kipato cha chini za New York, na jina la kitabu lenyewe lilikuwa linasema kwamba maskini hulipa zaidi. Yeye aliangalia zaidi fanicha na vyombo vya umeme vya kukopeshwa. Hapa Nyakato ni mafuta ya kula na kopo la mkaa, lakini chanzo kinafanana: asiye na fedha ya mkupuo hulipia kila mara ule udogo wa anachokinunua.

Sasa kwa nini asinunue lita? Jibu la haraka ni kwamba hana 6,000 ya kutoa kwa mara moja. Anayelipwa kwa siku hupanga kwa siku. Akiitoa yote kwenye mafuta, jioni hiyo watoto watakula mafuta bila unga. Wengi hapa mchana wanapiga pasi ndefu, wanakunywa chai asubuhi na kusubiri ugali wa usiku, na mtu aliyekwisha kuondoa mlo mmoja hana tena pa kujibana. Kumwambia awe na nidhamu ya fedha ni kumwonea.

Sababu ya pili haitajwi sana, nayo ni mahali pa kuweka. Bibi zetu wa Magu na Kwimba walinunua kidogo sana kwa sababu walihifadhi vingi. Walikuwa na kihenge cha nafaka uani. Viazi vitamu walivikata na kuvianika vikawa michembe, au walivichemsha kwanza ndipo wakavianika, vikawa matobolwa. Majani ya kunde yalikaushwa yakawa nsansa, yakaliwa kiangazi mboga mbichi zilipoadimika. Elimu yote ya kuokoa gharama za jikoni ilikuwa pale. Mjukuu wao aliyepanga chumba kimoja Nyakato ana uvungu wa kitanda. Paa ni bati, joto la mchana linapika kila kilichomo, na panya wanapita kutoka chumba hadi chumba juu ya kuta zisizofika darini.

Mimi nililijua hilo kwa kupoteza. Mwaka mmoja nilinunua gunia la mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, nikaliweka pembeni ya chumba nikiamini nimemaliza habari ya unga. Baada ya miezi mitatu niliingiza mkono, ukatoka na vumbi jeupe. Dumuzi walikuwa wametoboa punje hadi zimebaki maganda. Mdudu huyu si wa asili ya huku. Aliingia kutoka Amerika ya Kati na kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akasambaa. Nilichekecha kilichobaki nikakitupa, maana mahindi yaliyoharibika na kushika unyevu yanaweza kuwa na sumukuvu, na tangu watu walipokufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara mwaka 2016 sithubutu kujaribu bahati kwenye chakula cha watoto. Ile niliyoita nafuu ilinigharimu kuliko miezi yote mitatu ya kununua kilo kilo. Ipo mifuko isiyopitisha hewa inayowaua wadudu hao bila dawa, na sasa naitumia. Wakati ule hakuna aliyeniambia, na waliokuwa wakinishauri kuhusu jumla hawakunitajia hifadhi hata mara moja.

Tumtendee haki na mwenye genge. Yeye ndiye ghala la mtaa. Ananunua tenga la nyanya akijua sehemu yake itaoza. Anapasua kiroba cha unga na dumu la mafuta, anafungua alfajiri na kufunga usiku, na anakopesha bila riba wala karatasi, kama kile kiberiti. Sehemu ya tofauti ya bei ni malipo halali ya kazi hiyo. Ninachokilalamikia ni kwamba mnunuzi hana namna ya kujua sehemu hiyo ni kubwa kiasi gani. Fungu halina uzito. Kipimo cha mafuta hakina alama. Kopo la mkaa la genge hili limebonyea, la genge lile halijabonyea. Bei ikipanda, mara nyingi fungu ndilo linalopungua, na mia tano inabaki mia tano.

Ukitaka kuona kipimo kinavyodanganya hata penye mizani, chukua dagaa. Soko lao kubwa ni Mwaloni, Kirumba, na kutoka pale wanasafirishwa hadi Kongo. Nunua kilo moja ya walioanikwa chini kwenye mchanga na kilo moja ya walioanikwa juu ya chanja. Hawa wa chanja watakuwa ghali kidogo, wengi huwaacha. Halafu nenda nyumbani, watoe vichwa, waloweke kwenye maji ya uvuguvugu, wapekeche taratibu, umwage maji. Chini ya bakuli la dagaa wa mchanga utakuta tabaka unaloweza kulikwangua kwa kijiko. Huo mchanga uliulipia kwa bei ya samaki. Utawaosha mara nne, na bado jino litakutana na chembe katikati ya tonge. Dagaa wa chanja utawaosha mara moja, utawakaanga wakauke vizuri, uweke kitunguu, nyanya na karanga zilizosagwa, na sufuria moja itatosha nyumba nzima. Hapo bei ya juu ndiyo iliyo rahisi, ila huwezi kuiona mpaka usafishe.

Dagaa wana kalenda yao pia, na anayeijua anaokoa zaidi ya anayebishana bei. Wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka, taa haziwavuti tena, mitumbwi inapandishwa nchi kavu kwa siku kadhaa na bei inapanda. Giza likirudi, bei inashuka. Mvua zikinyesha hawakauki vizuri, wananuka mapema. Kwa hiyo siku ya kununua wengi ni ya giza lenye jua kali. Kila mtu Mwaloni anajua, na mtaani kwetu pia wengi wanajua. Wanachokosa siku hiyo ni fedha ya debe zima. Nalisisitiza hili kwa kuwa sangara na sato wameshatutoka mikononi. Tangu viwanda vya minofu vilipoanza kupeleka sangara Ulaya miaka ya 1990, wengi wetu tulio karibu na ziwa tumekuwa tukinunua mapanki, yaani mifupa iliyobaki baada ya mnofu kuondolewa. Dagaa nao wanagombewa na viwanda vya chakula cha kuku. Ndiyo protini ambayo mtu wa kipato cha chini bado anaimudu, na anastahili kuipata kwa bei ya siku ya giza.

Nishati ni habari ileile. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Lengo ni zuri, na moshi wa mkaa kwenye chumba kimoja naujua. Lakini mkaa unauzwa kwa kopo, gesi inauzwa kwa mtungi. Ikiisha tarehe 20, mtungi mtupu unasukumwa pembeni na jiko la mkaa linarudi. Gesi isipopatikana kwa vipimo vya mia tano na elfu moja, kwa bei isiyomwadhibu anayelipa kidogo, mitungi mingi itaishia kuwekewa sahani juu yake.

Nini kifanyike basi? Wapo watakaosema serikali ifungue maduka ya bei nafuu. Tulishajaribu. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili maduka ya ushirika na ya vijiji yachukue nafasi. Bidhaa ziliadimika na amri ikabidi ilegezwe. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vya wakulima vilivunjwa kwa amri. Wazee wa Mwanza bado wanasimulia foleni za sukari na sabuni. Duka lililoletwa kutoka juu halikujua nani anahitaji nini, na waliopanga foleni hawakuwa na sauti ndani yake.

Mwanza ina historia nyingine, ya zamani zaidi, na sielewi kwa nini hatuitaji tunapozungumza habari za bei. Kabla ya uhuru wakulima wa pamba wa Usukuma na Ukerewe walikuwa na kilio kimoja: mizani ya wanunuzi ilikuwa inawaibia. Hawakuanza kwa kujenga kiwanda. Walianza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, ili kila kilo isomwe na jicho la mkulima. Kutoka kwenye madai ya mizani, Paul Bomani na wenzake walijenga ushirika uliofika 1955 ukiwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, mmoja wa mikubwa kabisa Afrika, na Bomani akaja kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika mwaka 1962. Wale walikuwa wauzaji. Sisi wa leo mjini ni wanunuzi, na kilio ni kilekile cha kipimo.

Ndiyo maana ombi langu kwa Manispaa yetu ya Ilemela ni dogo. Mnakusanya ushuru sokoni. Wekeni mizani ya umma mlangoni, iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, mtu yeyote apime alichonunua bila kulipa. Wekeni ubao wa bei za siku kwa kilo na kwa lita. Wakala umepigana na lumbesa, yaani magunia yanayojazwa kupita kipimo, kwa miaka mingi ili mkulima asipunjwe, na fungu na kopo la mtaani nalo linastahili jicho hilo. Simaanishi kuwakamata kina mama wa magenge. Namaanisha kipimo chenye alama, ili anayeuza kwa haki aonekane.

Sehemu inayobaki ni yetu. Vikoba tumeshavizoea: tunaweka, tunakopeshana, Desemba tunagawana. Vikundi vingi vinanunua mchele na sukari za sikukuu kwa pamoja, halafu Januari kila mtu anarudi kwenye kipimo chake. Kama inawezekana kwa Krismasi na Idi, inawezekana kwa Machi.

Kwenye nyumba tunayopanga tuko kaya sita. Gunia la mahindi ni debe sita, kwa hiyo hesabu haikuwa ngumu. Kila kaya inatoa kidogo kila wiki kwa mama wa chumba cha kwanza, naye anaandika kwenye daftari ambalo yeyote anaweza kulifungua. Mizani ya kuning'iniza tulichangia. Gunia la kwanza lilipofika, tulipimiana uani huku watoto wakisoma namba kwa sauti, tukabishana kidogo kuhusu punje zilizomwagika chini, kila mtu akaingia ndani na debe lake kwenye mfuko usiopitisha hewa. Mwezi huu jirani mmoja mumewe hajaitwa kazini kwa wiki tatu na mchango wake haukutimia. Tulikaa jioni kulizungumza. Wawili walisema asubiri zamu ijayo, wanne tukasema achukue debe lake na alipe kwa wiki nane. Alichukua. Dagaa tutawafuata Mwaloni giza likirudi.