Ubingwa Hautafutwi Juma la Mwisho

Mfanyakazi aliyeungua mkono kiwandani, na mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura, humngojea bingwa wa upasuaji rekebishi. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao yake Arusha, humpima mtahiniwa kwa maandishi, mbele ya mgonjwa na kwa mdomo.

Twasema wazi: afuzuye si yule akeshaye na vitabu juma la mwisho, bali aliyeandika daftarini kila upasuaji, awezaye kueleza kwa nini alibandika ngozi badala ya kuhamisha nyama na mishipa yake.

Basi madaktari wakubwa wawahoji vijana wao wodini kila juma, na wakuu wa hospitali wawape nafasi ya kusoma. Wakinyimwa, atakayeumia ni mfanyakazi yule na mkono wake uliokunjamana.