Maji ya moto kwanza, mafuta baadaye

Mwandishi, katika makala yako suala la usafi wa gobore umelipita haraka mno, na ndilo linaloua magobore hata yale yaliyotunzwa kama urithi wa babu. Masalia ya baruti nyeusi ni chumvichumvi inayonyonya unyevu wa hewa; bunduki ikilala bila kuoshwa, kutu huanza kula chuma. Mafuta peke yake hayasaidii kwa sababu hayayeyushi chumvi. Tumia maji ya moto: yanaondoa uchafu, na joto lake linaukausha mtutu upesi. Pitisha kitambaa kwa mdeki mpaka kitoke safi, kausha, ndipo upake mafuta. Tundu la fataki nalo lizibuliwe, la sivyo bunduki haitafyatuka hata mnyama akisimama hatua chache mbele yako.

Jingine, risasi ishindiliwe mpaka ikae juu ya baruti. Ikibaki nafasi katikati, mtutu unaweza kupasuka usoni pako. Mwindaji makini huweka alama kwenye mdeki ili ajue imefika. Na tafadhali sana, mtu asitie humo baruti ya risasi za kisasa! Nguvu yake chuma kile hakiiwezi. Onyo hilo ningeliweka mwanzoni kabisa mwa makala.