Mwanafunzi wa Chuo na Kazi ya Saa Chache

Kila ifikapo Oktoba na Novemba, mabasi yanayoupanda mlima wa Kitonga kuja Iringa, na yale yanayoendelea hadi Mbeya, hujaa vijana wenye masanduku, magodoro na bahasha za vyeti. Wengine huteremkia Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa au Ruaha. Wengine husonga mbele hadi Iyunga au Teofilo Kisanji. Nyuma ya kila kijana yupo mzazi aliyekwisha kupiga hesabu zake usiku, akaona hazifiki. Hapo ndipo huzuka swali ambalo wazazi wengi hulitamka kwa sauti ya chini: je, mwanangu aweza kupata kazi ya saa chache hapo hapo chuoni, ajikimu?

Mzazi mwingine hulichukia swali lenyewe. Husema hakuuza ng'ombe ili mtoto akaoshe sahani za watu. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alilalamika kwamba vijana wa shule wamezoea kupikiwa, kuoshewa vyombo na kufanyiwa usafi, na wakiambiwa washike ufagio hunung'unika. Kuhusu wanafunzi wa Chuo Kikuu alieleza kuwa wengi wao hufanya kazi katika ofisi za Serikali wakati wa likizo na kulipwa kama wafanyakazi wengine. Aliona afadhali wafanye kazi zinazohitajiwa na umma, kama vile kuhesabu watu, elimu ya watu wazima na kazi za zahanati, walipwe kiasi cha kima cha chini, na kazi hiyo ihesabiwe katika matokeo yao ya mitihani. Basi jambo hili si geni, wala si aibu iliyoletwa na dhiki ya siku hizi.

Jambo lililobadilika ni fedha. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, mzigo wa elimu ya juu umerudi kwa sehemu mabegani mwa jamaa. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Fedha yake ya chakula na malazi, ambayo vijana huiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo wa 2023/2024. Siku 60 ni shilingi 600,000. Kwa kijana aliyepanga chumba Kihesa au Iyunga, humo hutoka kodi, chakula, nauli, vocha na mambo ya kuchapa na kutoa nakala. Fedha ikichelewa wiki mbili tu, kijana huanza kukopa kwa mama muuza wali. Na wapo waliopewa mkopo nusu, au wasiopewa kabisa. Hao ndio hasa wanaouliza habari za kazi.

Lakini kabla hatujamtuma kijana kutafuta kazi, tuitazame hesabu ya pili, ambayo wazazi hawaioni kwa kuwa haimo katika karatasi ya ada. Shahada ya miaka mitatu hupimwa kwa krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, na kila krediti ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kuhudhuria mihadhara, kusoma maktabani, kuandika. Muhula mmoja ni saa 600. Zigawanye kwa wiki 15, utapata saa 40 kila wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamwekea mfanyakazi saa 45 za kawaida kwa wiki. Kwa maneno mengine, mwanafunzi anayesoma sawasawa amekwisha kuwa mfanyakazi wa kutwa. Ukimwongezea saa 10 atafika 50, naye atavumilia. Ukimwongezea 20 atafika 60, na kitu fulani kitavunjika. Aghalabu huanza kuvunjika kazi za muhula, zile ambazo katika vyuo vingi hubeba alama 40 kati ya 100. Mtihani wa marudio ukishamfika, ile mishahara midogo yote huonekana hasara.

Kwa hiyo nasema saa 10, au chini ya hapo.

Kazi zenyewe ziko wapi? Katika Chuo cha Berea, Kentucky, Marekani, kila mwanafunzi hufanya kazi na hakuna anayetozwa ada ya masomo. Jirani zetu wa Kenya nao wana mipango ya kazi na masomo katika vyuo kama Kenyatta na Nairobi. Kwetu mpango wa namna hiyo haujawa desturi, hivyo kijana asitegemee kukuta tangazo ubaoni. Vyuo vingi vimewakabidhi wazabuni usafi na mikahawa. Anayetaka kazi ya jikoni amwone mwenye zabuni; barua kwa mkuu wa chuo itakaa kwenye jalada. Kazi za maktaba, chumba cha kompyuta na usajili wa wanafunzi wapya huulizwa kwa mkuu wa kitengo chenyewe, na nakala ya barua ipelekwe kwa Mshauri wa Wanafunzi. Barua iwe ya ukurasa mmoja, itaje mwaka wa masomo, na iambatane na ratiba ya mihadhara inayoonyesha saa zilizo wazi. Mkuu wa maktaba hawezi kumpangia zamu mtu asiyejua atakuwa wapi Jumatano saa nane.

Iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kazi ya kukusanya takwimu za utafiti. Mwalimu wake akipata mradi, huhitaji vijana wa kwenda vijijini na madodoso, nayo huangukia mara nyingi wakati wa likizo ndefu, bila kugusa mihadhara. Sensa ya Agosti 2022 ilihitaji makarani katika kila mtaa na kijiji, vyuo vikiwa vimefungwa. Kijana wa Mkwawa anayesomea ualimu naye ana mtaji kichwani: kufundisha watoto wa jirani hesabu Jumamosi asubuhi. Hiyo si kazi ya chuo, lakini humjenga katika fani yake kuliko kusimama kwenye kibanda cha wakala hadi saa nne usiku.

Mapatano yawe kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, malipo kiasi gani na siku gani. Sheria niliyoitaja inamtaka mwajiri atoe maelezo hayo. Ahadi ya "tutaonana mwisho wa mwezi" imewapotezea vijana wengi jasho lao.

Kwa binti zetu lipo neno la ziada, na mama ndiye alitamke mapema bila kuzungukazunguka. Yeyote atakayeweka kazi, alama au chumba kuwa malipo ya mwili wake ametenda kosa la rushwa chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya mwaka 2007. Binti aijue namba ya TAKUKURU, 113, na ajue kuwa nyumbani hatalaumiwa kwa kuiacha kazi hiyo siku ile ile.

Baba naye ana lake. Kijana akianza kupata chochote, asikatiwe mara moja ile elfu ishirini au thelathini aliyokuwa akitumiwa. Asubiriwe hadi matokeo ya muhula wa kwanza yatoke, ndipo hesabu za nyumbani zipangwe upya.