Jiko la uani lichaguliwe kwa kuni linazokula, si kwa bei

Mkulima anayetaka kununua pampu ya kumwagilia huuliza maswali mengi kabla ya kutoa fedha zake. Huuliza pampu inakula lita ngapi za petroli kwa saa, vipuri vinapatikana wapi na itadumu misimu mingapi. Mkulima huyohuyo akitaka sehemu ya moto nyuma ya nyumba huokota mawe matatu yaliyo karibu, akayapanga, na kazi ikawa imekwisha. Moto huo utawaka kila siku kwa miaka mingi na hakuna atakayeuliza unakula kiasi gani.

Kwa mfanyabiashara mdogo hali ni hiyohiyo. Mama lishe anayepikia wapakiaji wa mahindi katika soko kama la Kibaigwa, mchoma nyama wa stendi, muuza supu na mpika vitumbua, wote wanaishi kwa moto. Ukiacha vyakula vyenyewe, kuni au mkaa ni gharama inayotoka mfukoni kila kukicha. Hata hivyo, wengi wao wanaijua bei ya kilo ya mchele lakini hawajui wanachoma kilo ngapi za kuni kwa siku. Si kosa lao, kwani kuni haziuzwi kwa kilo. Zinauzwa kwa mzigo, na ukubwa wa mzigo anaupanga muuzaji.

Ichukuliwe kwamba mama lishe ananunua kuni za shilingi 3,000 kwa siku na anafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 78,000. Jiko linalopunguza kuni kwa theluthi moja litamwachia shilingi 26,000 kila mwezi. Hata likiuzwa shilingi 78,000, bei ambayo wengi wataikimbia, litakuwa limejilipa katika miezi mitatu. Mafiga, ambayo hayakununuliwa, yatakuwa yamemla shilingi 312,000 za ziada kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo mafiga ndiyo jiko la gharama kubwa kuliko yote hapo uani, ila gharama yake haionekani kwa sababu inalipwa kidogo kidogo kila asubuhi.

Sababu ya hasara hiyo inafahamika. Katika mafiga yaliyo wazi kwa upepo, kati ya sehemu 100 za joto lililomo ndani ya kuni, sufuria hupata sehemu 10 hadi 15 hivi. Zilizobaki zinakwenda angani na ardhini. Mpishi hodari anayejikinga na upepo, anayetumia kuni kavu na kuzisogeza kwa kipimo, anapata zaidi ya hapo, na wapo kina mama wenye mafiga wanaotumia kuni chache kuliko jirani mwenye jiko la kisasa. Jambo hili wauza majiko hawapendi kulisema.

Aidha, si kila jiko kubwa la udongo linaokoa kuni. Baada ya tetemeko la ardhi la Guatemala la mwaka 1976, wataalamu walibuni huko jiko la udongo na mchanga lililoitwa Lorena, lenye matundu kadhaa ya kuweka sufuria na bomba la moshi. Lilipendeza, moshi ulitoka jikoni, na mfano wake ukasambazwa katika nchi nyingi. Vipimo vilipokuja kufanywa vilionyesha kwamba mara nyingi lilitumia kuni sawa na moto wa wazi, au zaidi. Udongo mnene ulikuwa unajipasha joto wenyewe kwanza kabla ya kuipa sufuria chochote.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kazi ya moto huo. Anayepika kutwa nzima, kwa mfano mama lishe anayeinjika maharage alfajiri na kuipua chakula cha mwisho saa tisa alasiri, anaweza kufaidika na jiko zito la udongo au matofali, maana likishapata moto halipoi upesi. Familia inayochemsha chai asubuhi na kusonga ugali jioni inahitaji jiko jepesi, lenye kuta zinazozuia joto badala ya kulimeza, na nafasi ndogo kati ya sufuria na ukuta ili moto upite ukiligusa sufuria ubavuni. Nafasi hiyo ndogo ina faida kubwa, ndiyo maana jiko lijengwe kufuata sufuria linalotumika kila siku, si lile la harusi.

Swali la pili ni nini kinapatikana shambani. Anayelima kahawa ana matawi ya kupogoa, wa pwani ana vifuu, na anayelima mahindi ana magunzi na mabua. Mabua lakini ni chakula cha ng'ombe na matandazo ya shamba pia, hivyo kuyachoma kuna bei yake hata kama hakuna aliyetoa fedha. Kuni za kuokota nazo huitwa za bure na watu wasiokwenda kuziokota. Mwanamke anayetumia nusu siku porini wakati wa palizi ameacha matuta kadhaa yaliwe na magugu, na hasara hiyo itaonekana ghalani.

Kuhusu mkaa, ni kweli kwamba kilo moja ina joto karibu mara mbili ya kilo ya kuni kavu. Lakini tanuri la asili la udongo huhitaji kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Mkulima anayemuuzia mchoma mkaa miti yake kisha akanunua mkaa wa kupikia amefanya biashara mbaya mara mbili. Mkaa unamfaa mchoma nyama, ambaye hahitaji miali wala moshi. Kwa anayeuhitaji, jiko la bati lenye udongo uliochomwa ndani yake, lililoanza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand, linaweza kupunguza mkaa kwa asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na la bati tupu. Udongo wa ndani ukipasuka faida hiyo inapungua, hivyo wakati wa kununua ni vema kuugonga kwa kidole na kusikiliza kama unalia vizuri.

Kwa shimo la kuchomea uani, makosa ni yaleyale kila mahali. Shimo linakinga upepo lakini linaunyima moto hewa, na moto usio na hewa hutoa moshi mwingi na joto kidogo. Dawa yake ni tundu la pembeni linaloingia chini ya moto kutoka upande upepo unakotokea. Mawe yaliyotolewa mtoni yasitumike, kwa kuwa maji yaliyomo ndani yake yakichemka jiwe linaweza kupasuka na kuwajeruhi waliokaa karibu. Saruji ya kawaida hupasuka kwa moto, na udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwa huhimili vizuri zaidi. Pipa la chuma lililokatwa katikati ni jiko zuri la kuchomea nyama iwapo halikuwahi kubeba dawa za shamba au kemikali. Wavu wenye rangi ya zinki usiwekewe chakula. Rimu ya lori, inayopendwa sana mijini, inadumu miaka lakini inatoa joto pande zote, likiwemo la kuwachoma watoto.

Sehemu yenyewe iwe mbali na paa la makuti, banda la mifugo na ghala, na iwe upande ambao upepo haurudishi moshi ndani ya nyumba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

Wapo watakaouliza kwa nini kuzungumzia kuni wakati mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo ni zuri, na gesi inafaa sana kwa chai, mayai na mboga. Anayechemsha makande kwa saa tatu anaitazama gesi kwa jicho jingine, na huyo atakuwa na moto uani kwa miaka kadhaa ijayo. Kuloweka maharage usiku kucha kunapunguza muda wa kuyapika, na hakuna jiko la bei nafuu kuliko hilo.

Kinachokwamisha wengi ni fedha za kuanzia. Vikundi vya kuweka na kukopa hutoa mkopo wa mbolea unaorudi baada ya mavuno, miezi sita au zaidi, kama mvua ikinyesha. Mkopo wa jiko kwa mama lishe unaweza kurudi katika miezi mitatu, mvua inyeshe isinyeshe, na marejesho yakalipwa kwa fedha ambazo zamani zilikuwa zinaungua. Ni ajabu kwamba viongozi wa vikundi wengi bado wanauhesabu kuwa mkopo wa matumizi ya nyumbani.

Kabla ya kukopa, mwenye biashara apime. Kwa siku tatu kuni zipimwe asubuhi kabla ya kuwasha moto, na zilizobaki zipimwe jioni. Kisha aazime jiko analolitaka kutoka kwa jirani au fundi, apike chakula kilekile kwa siku tatu nyingine kwa kuni za aina ileile, apime tena. Fundi anayekataa kuazimisha jiko lake kwa siku tatu ameshatoa jibu. Mizani haina haja ya kununuliwa, mnunuzi wa mahindi anayo.