Skana ya kusikiliza marubani: usiingizwe mjini



Usiku wa tarehe 29 Januari 2025, ndege ya abiria iliyokuwa inakuja kutua uwanja wa Reagan pale Washington iligongana na helikopta ya jeshi la Marekani. Watu wote 67 waliokuwemo kwenye vyombo hivyo viwili walikufa. Waokoaji bado wako mtoni, sauti za waongoza ndege wakiongea na marubani zilikuwa zishazunguka dunia nzima. Hazikutolewa na serikali. Zilinaswa na raia wa kawaida, wale wanaoweka redio na antena nyumbani na kurusha wanachosikia kupitia mtandao wa LiveATC.net.

Hapo ndipo vijana wengi wanapopata hamu: na mimi nataka redio ya namna hiyo, bei gani? Swali zuri, ila wengi wanapigwa changa la macho kabla hawajasikia hata rubani mmoja. Tuchambue taratibu.

Kwanza, masafa. Marubani na waongoza ndege wa kiraia wanaongea kati ya megahezi 118 na 137, kwa AM. Shika hayo mambo mawili, namba na AM, maana ndiyo yanayowaliza watu. Zile redio koli za Kichina za bei poa, kama Baofeng UV-5R, zinaanzia megahezi 136 na zinapokea FM. Mtu anaona "VHF" kwenye boksi, anatoa mkwanja, anafika nyumbani anaambulia mikwaruzo. Mbaya zaidi, ile inarusha sauti, na kumiliki chombo cha kurusha bila leseni ni kesi nyingine kabisa. Kama unataka kusikiliza tu, nunua kitu kinachopokea tu.

Kwa nini AM, teknolojia ya babu zetu? Kwenye FM, wawili wakiongea kwa pamoja mwenye nguvu anammeza mwenzake na hutajua kama kuna mwingine aliongea. Kwenye AM unasikia mluzi au fujo, unajua kuna kilichopotea. Lakini kujua hakutoshi kila mara. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, ndege mbili za Boeing 747, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana kwenye ukungu na watu 583 wakafa. Dakika ile muhimu, mnara na Pan Am waliongea kwa wakati mmoja, na kule KLM sehemu ya maneno ikageuka mluzi.

Haya, tuje kwenye bei.

Hatua ya kwanza ni bure. Kaa café, vaa hedifoni, fungua LiveATC, chagua uwanja wenye shughuli nyingi kama JFK wa New York. Sikiliza wiki nzima. Kiingereza chao ni cha mkato na kinakwenda mbio, kwa hiyo zoeza sikio kwanza. Ukisikia "Speedbird", hiyo ni British Airways. Ukichoka baada ya siku mbili, umeokoa pesa yako.

Hatua ya pili ni kidude cha USB kinachoitwa RTL-SDR. Asili yake ni vile vifaa vya kuangalia TV kwenye kompyuta. Miaka ya 2010 hadi 2012 wataalamu wakagundua kwamba chipu yake inaweza kugeuzwa redio ya masafa mapana. Kizuri kinapatikana kwa dola 30 hadi 40 hivi, bila usafiri na ushuru. Unahitaji kompyuta au simu ya Android inayokubali waya wa OTG, pamoja na programu ya bure kama SDR++. Angalizo: kompyuta za café nyingi zimefungwa, huwezi kuweka programu. Kidude hicho hicho kinanasa pia megahezi 1090, ambako ndege zinatangaza zenyewe zilipo na zina urefu gani angani. Ndiyo njia inayotumiwa na Flightradar24.

Hatua ya tatu ni skana ya mkononi. Uniden BC125AT (Ulaya inauzwa kama UBC125XLT) inabeba vituo 500, inatumia betri za kawaida, na bei yake ni zaidi ya dola 100. Kwa masafa ya ndege hiyo inatosha kabisa. Usikubali muuzaji akusukumie skana ya dijitali ya mamia ya dola. Zile ni za kufuatilia polisi na zimamoto wa nchi za wenzetu, na hata huko milango inafungwa: polisi wa New York walianza kuzificha sauti zao mwaka 2023. Sauti za ndege za kiraia bado ziko wazi kwa sababu ya usalama. Rubani anatakiwa amsikie mwenzake aliye karibu, awe ametoka nchi yoyote.

Siri nyingine ni antena. Masafa haya yanakwenda kama macho yanavyoona. Ndege iliyo futi 35,000 unaweza kuisikia ikiwa umbali wa hata kilomita 400, lakini mnara ulio nyuma ya ghorofa usiusikie kabisa. Kipande cha waya cha sentimita 58 au 59 kilichosimama wima dirishani kinaweza kukusaidia kuliko kuongeza dola 50 kwenye redio.

Sasa kubwa kuliko yote: sheria. Marekani kusikiliza ndege ni ruksa. Uingereza, skana inauzwa dukani lakini kusikiliza bila idhini ni kosa kwa sheria ya mwaka 2006, ndiyo maana LiveATC haina viwanja vya huko. Tanzania tuna Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, inayokataza kunasa mawasiliano bila mamlaka, na vifaa vya redio vinatakiwa viwe vimekubaliwa na TCRA. Walioko Kenya waanzie kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya huko. Uliza kabla ya kuagiza, tena kwa maandishi. Na usisimame na antena kwenye uzio wa uwanja wa ndege ukitegemea askari atakuelewa.

Mwisho, turudi Washington. Waliosikia sauti zile walikimbilia kutoa hukumu, huyu kakosea, yule mzembe. Lakini ndege na helikopta zilikuwa kwenye masafa tofauti. Mwongoza ndege aliongea na wote wawili, wao kwa wao hawakusikiana. Mwenye redio iliyokaa kwenye masafa ya ndege tu alisikia nusu ya mazungumzo. Halafu Februari 2025 wachunguzi wa NTSB wakaeleza kwamba agizo la helikopta kupita nyuma ya ndege huenda halikuwafikia lote, kwa sababu wakati huo huo kitufe cha kuongelea cha helikopta kilikuwa kimebonyezwa kwa sekunde 0.8. Kwa hiyo hata msikilizaji aliyesikia agizo zima hakujua walioambiwa walisikia nini.

Ndiyo msimamo wangu, wadau. Redio ya bei ndogo inatosha, na ni vizuri raia wakawa na masikio yao badala ya kusubiri taarifa ya kigogo. Ila kipande cha sauti ni ushahidi, hakijawa ripoti. Kikitua kwenye simu yako, uliza kimetoka masafa gani na upande wa pili uko wapi, ndipo usambaze.

Nawakilisha. Mnaojua bei za Kariakoo na River Road, mwageni data hapo chini.