Meli zimekua, gharama zetu ziko palepale

Mama mmoja muuza vitenge, ambaye mwanawe namfundisha, alinisimamisha sokoni akaniuliza: "Mwalimu, husikii redioni kwamba meli zinazidi kuwa kubwa? Mbona basi nauli ya kontena letu haishuki?" Mimi niliyesomea ukimbizini Katumba niliijua meli kwa picha moja tu ya kitabu cha jiografia. Nikamwomba siku chache nikasome.

Swali lake lina haki. Mwaka 2013 meli iitwayo Mærsk Mc-Kinney Møller, iliyoundwa Korea Kusini, ilianza kazi ikiwa na urefu wa mita 400, upana wa mita 59 na nafasi ya makontena 18,270 ya futi 20. Tumbo lake limetanuliwa mfano wa herufi U, si kuchongoka kama V, hivyo makontena yanajaa mpaka chini pembeni. Chumba cha nahodha kimesogezwa mbele, mbali na injini, ili makontena yapangwe juu zaidi bila kumziba macho. Injini ni mbili, kila moja na propela yake, nazo huzunguka polepole. Emma Mærsk ya mwaka 2006 iliundwa ikimbie. Hii iliundwa ibane mafuta. Na kweli, gharama ya kila kontena baharini ilipungua.

Lakini jitu kama hilo likijaa huzama zaidi ya mita 14, na njia yake ni Asia hadi Ulaya. Mizigo yetu mara nyingi hushushwa kwenye bandari kubwa njiani, ikapandishwa meli ndogo hadi Dar es Salaam. Hapo bado kuna reli ya kilomita 1,250 hivi hadi Kigoma, halafu ziwa, au lori mpaka mpakani.

Tena kontena si letu. Siku za bure zikiisha, mwenyewe hutoza kwa kila siku hadi lirudi bandarini likiwa tupu. Wahandisi wamehangaikia kila tone la mafuta. Huku lori linalala mpakani kwa kukosa muhuri mmoja, na saa inahesabu. Wakuu wa forodha wa pande zote mbili watueleze hadharani: lori hulala siku ngapi, na kwa nini?

Nilipomjibu hivyo, mama alitoa daftari lake. Safari iliyopita, yeye na wenzake wanne walilipia siku kumi na moja.